Karia, na Sukari ya Baba Njagi

Baba Njagi alipotoka hospitalini Embu mwezi uliopita, hakutuma habari kwamba amepona. Alinipigia simu, akakohoa kwanza kama trekta inayokataa kuwaka, kisha akasema, "Wawira, waambie wenzako wa ngumbaru waje Jumamosi. Njooni mnimalizie sukari." Akakata. Nilibaki nimeshika simu mlangoni mwa duka langu hapa Runyenjes, nikacheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri unga akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Kwa mtu mwingine huo ni mwaliko wa chai tu. Kwetu sisi wa ngumbaru, tuliosoma jioni kule juu, upande wa Kibugu, watu wazima wenye ndevu na wengine na watoto mgongoni, tukiimba a-e-i-o-u kama vifaranga, huo ni mwaka mzima uliofungwa katika sentensi moja. Nilifurahi kwamba mzee yu hai. Lakini nilipopanda boda boda Jumamosi ile nilikuwa na hofu moja. Mzee akishaugua, wana hugawana shamba. Na kijana akigawiwa kipande karibu na maji, kitu cha kwanza anachofanya ni kulima hadi miguu ilowe. Nilijiuliza njia nzima, je, ule ukanda wa matete kando ya maji bado upo?

Nilikotoka kabla ya mwaka huo si muhimu hapa. Nilizaliwa kama watu wengine na mama yangu alikuwepo. Nianze na chumba. Nilikuwa nimepanga kwa Cucu Marigu, mjane mfupi mwenye sauti ya filimbi ya refa, ambaye mlima mzima ulimwita Cucu, yaani nyanya, hata wazee waliomzidi umri. Chumba changu kilikuwa cha mabati, katikati ya banda la mbuzi na stoo ya ndizi. Upande huu mbuzi walitafuna usiku kucha, upande ule ndizi ziliiva, na usiniambie ndizi haziivi kwa sauti, labda hujalala karibu nazo. Dirisha lilikuwa na ukubwa wa Biblia. Lakini kupitia dirisha hilo uliiona Karia yote. Karia kwa Kiembu ni kiziwa, ziwa dogo, na hakuna aliyewahi kujisumbua kulipa jina lingine. Mtu wa Kisumu angeliita dimbwi. Mimi huliita ziwa, na nikiwa na wageni huliita bahari. Vijito vyote vya mteremko wetu viliishia hapo, na nyumba zote za mteremko wetu zilichota hapo.

Mchana nilisukuma chapati katika hoteli moja pale sokoni. Jioni nilikwenda darasani, katika shule ya chekechea ya kanisa, ambako tulikalia viti vya watoto na magoti yetu yakawa karibu na masikio. Mwalimu wetu, Ireri, alikuwa kijana mwembamba kuliko chaki yake. Nikirudi nilimkuta Cucu ameshapika nduma, na sufuria ya chai inachemka ikitishia kuuzima moto. Chai yake ilikuwa ya kuheshimiwa. Ukiweka kijiko kisimame katikati, kilisimama. Tulikula tukitazama moto, yeye akiniuliza nimejifunza nini, nami nikimsomea maneno mawili matatu kutoka kwenye pakiti ya majani chai. "Soma tena," angesema, na mimi ningesoma tena, pakiti ile ile, kama Injili. Sijawahi kuwa na hadhira bora tangu hapo, na nimeshawahi kusoma risala mbele ya harusi tatu.

Mwaka ulipoanza, kiangazi cha Januari, Karia ilianza kubadilika. Kwanza ilikuwa na utando wa kijani pembeni, kama uji uliopoa. Kisha utando ukaenea, ukawa blanketi. Maji yakawa na harufu ya soksi za mlinzi wa usiku. Tulichota tukiusukuma utando kwa kata, tukachuja kwa leso, tukachemsha mara mbili, na bado ile harufu ilipanda na mvuke. Watoto waliumwa na matumbo. Ndama wa jirani alikunywa ukingoni, akafa kabla ya jua kutua. Kila mtu alikuwa na mchawi wake wa kumtaja, na mchawi wa kila mtu alikaa nyumba ya mbali na yake.

Wakati huo jumuiya ya kanisa ilisali nyumba kwa nyumba kila Alhamisi, na zamu ikamfikia Cucu. Alikopa vikombe vya kauri, vyenye maua. Alifagia uwanja wake, maana sisi watu wa huku uwanja wenye jani moja ni aibu. Uwanja unafagiliwa hadi udongo mwekundu unang'aa kama kiatu. Wageni walisali, wakaimba, chai ikaja. Nilikuwa nikigawa vikombe mwenyewe, kwa hiyo niliona yote. Mmoja alisema daktari amemkataza. Mwingine alisema amekunywa kabla ya kuja. Waliobaki walipatwa ghafla na hamu kubwa ya kwenda kutazama migomba ya Cucu, mmoja baada ya mwingine, kikombe mkononi, na kila mmoja akarudi akisifu ndizi na kikombe kikiwa kitupu. Mgomba ule ulikunywa chai kuliko kanisa zima. Haki ya Mungu, mkungu wake uliofuata ulitoka na rangi ya chai.

Cucu hakuwa kipofu. Wageni walipoondoka aliosha vikombe, akavifudikiza kwenye sinia, akakaa. "Wawira," aliniambia, "nimezaa, nimezika, nimefukuzwa na ndovu kutoka msituni nikiwa na kuni kichwani na sikuziangusha. Lakini mgeni kumwaga chai yangu? Hiyo sijawahi." Vikombe vile aliyemkopesha akamwachia, na Cucu akaviacha vimefudikizwa hapo hapo kwenye sinia, akavifunika na kitambaa. Usiku huo sikumsikia akiwaimbia mbuzi wake kama kila usiku. Kupitia mabati nilisikia tu mbuzi.

Haikupita muda naibu wa chifu akaitisha baraza. Alisimama juu ya kreti la soda ili sote tumwone, akasema barabara inapanuliwa, udongo ni mwingi na hauna pa kwenda, na Karia imekuwa ugonjwa. Itafukiwa. Hapo patajengwa kituo kizuri cha kununulia majani chai, chenye paa. "Lakini serikali si mnyama," akasema. "Nawapa mpaka Krismasi. Krismasi ikifika kama maji hayo yananyweka, yatabaki. Kama hayanyweki, tingatinga litakuja."

Cucu alisimama, ingawa kwa urefu wake haikuonekana tofauti kubwa. "Na sisi tutachota wapi?"

"Cucu, mtaletewa maji ya mfereji."

"Mfereji upi?"

Baraza zima likacheka, maana mfereji ule ulianza kuahidiwa kabla mimi sijaota meno. Naibu naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka cheo chake.

"Basi mkifukia Karia mnifukie nayo," Cucu akasema. "Mimi ni mfupi. Hamtahitaji udongo mwingi." Shamba la Cucu lilikuwa kama kitambaa cha meza, miguu yake haikuweza tena kupanda na mtungi kutoka mto ulio kule bondeni. Karia ikifukiwa, angehamishwa kwenda kuketi kwenye kona ya nyumba ya mtu, akisubiri kupewa maji kwa kikombe. Sote tulilijua hilo.

Tulifanya kile ambacho watu wa uwanja unaong'aa wangefanya. Tuliitana ngwatio, ile desturi yetu ya kufanya kazi pamoja leo kwako kesho kwangu, tukaenda kulisafisha ziwa. Tulilisafisha kama uwanja! Tulikata matete yote yaliyolizunguka, tukang'oa na mizizi, tukafyeka ndago, tukachoma kila kitu. Kisha akina mama walileta mifagio ya vijiti wakafagia ukingo mzima, mduara mzima, mpaka udongo ukang'aa na alama za mfagio zikajipanga kama nywele zilizosukwa. Nawaambia, palipendeza. Baba Njagi, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote na ambalo lilishuka mteremko wote hadi kwenye maji, alisimama mikono kiunoni akasema, "Sasa hilo ni ziwa la Wakristo." Tukapiga picha. Hata mimi nipo kwenye picha hiyo, nimeshika mfagio kama bunduki.

Mvua ndefu ikaanza. Mvua moja tu, ya alasiri moja, na Karia ikawa nyekundu kama supu ya maharagwe. Wiki mbili baadaye utando ukarudi, mnene kuliko kwanza, na harufu ikapanda hadi sokoni ikaingia kwenye chapati zangu. Watu waliacha kutazamana usoni. Mama Wanja, jirani yetu na mwanafunzi mwenzangu, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, alikuja kwa Cucu akakaa kimya muda wa kuchemsha viazi. Kisha nikamsikia akisema, "Labda hatukufagia vizuri."

Jibu lilipatikana darasani, ingawa si kitabuni. Jioni moja mvua ilipiga mabati mpaka hatukumsikia Mwalimu hata akipiga kelele. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAJI YANATOKA WAPI? Tukasoma kwa sauti, sote, kwa fahari ya watu ambao mwaka uliopita wangeona hapo minyoo tu.

"Mbinguni, Mwalimu!" Mama Wanja akapaza sauti.

Mwalimu akacheka. Akafunga boksi la chaki, akachukua mwavuli, akaashiria nje. Tulidhani amerukwa na akili. Lakini tulimfuata, wengine na miavuli, wengine na majani ya migomba, hadi juu kabisa kwenye majani chai, karibu na msitu. Hapo akatuambia tuyafuate maji kushuka, kama mtu anavyomfuata mwizi kwa nyayo zake.

Chini ya majani chai maji yalipita polepole, karibu safi, maana udongo ulikuwa umelala chini ya majani yaliyoanguka. Mbele kidogo yakakuta njia yetu ya miguu, ile tuliyoikanyaga miaka yote kushuka moja kwa moja kwa sababu mchuma chai ana haraka. Njia ilikuwa imegeuka mto. Yakapita nyuma ya zizi la Mama Wanja, pale alipokusanya samadi kama kilima, yakatoka upande wa pili ya kahawia.

"Hayo si yangu," Mama Wanja akasema upesi. "Ng'ombe wangu hunya kidogo."

"Na hilo povu?" akauliza Baba Njagi, aliyekuwa amejiunga nasi njiani, akinitazama. Lilikuwa la vyombo vya hoteli yetu, likishuka kwenye mtaro kama bwana harusi. Nikatazama miti. Tukashuka tukicheka, kila mtu akimwonyesha mwenzake uchafu wake, mpaka tulipofika kwenye shamba la Baba Njagi. Mistari yake ya mahindi ilikuwa imenyooka kutoka juu hadi chini, na katika kila mfereji kati ya mistari maji yalishuka mbio yamebeba udongo, na juu ya udongo zikielea na kuviringika punje nyeupe. Asubuhi ile ile alikuwa ameweka mbolea ya dukani.

"Mbolea yangu!" Baba Njagi aliruka ndani ya mfereji na kofia yake mkononi, akaanza kuichota. "Simama! We, simama!"

"Ati anaiita kama mbuzi," Mama Wanja akasema, na tukacheka tukashikana. Lakini kicheko kilikufa chenyewe. Pale chini, kwenye mwisho wa mistari, palikuwa na jiwe bapa ambapo wanaume wote wa mteremko walioshea pampu za kunyunyizia dawa kila Jumamosi. Waliosha hapo kwa wema kabisa, ili wasiirudishe sumu nyumbani kwa watoto na kuku, na wawe safi kwa kanisa Jumapili. Maji yakalilamba jiwe lile, yakafika kwenye ukingo wetu uliofagiliwa, na hapo hayakukuta jani, hayakukuta unyasi, hayakukuta kitu. Yaliingia Karia yakikimbia, na udongo, na samadi, na povu, na mbolea ya mzee.

"Hapa palikuwa na nini?" Mwalimu akauliza.

"Matete," mtu akajibu kwa sauti ndogo.

Mama Wanja alijifuta mvua usoni. "Jamani," akasema, "tumeng'oa mlango, tukafagia kizingiti."

Siku hizi nikisikia vijana wakisema wanakwenda kusafisha ziwa, mimi huwaambia waanze juu, kwenye mlango wa jikoni zao wenyewe. Lakini ni rahisi kusema sasa. Wakati ule kila mtu alikubali haraka mabadiliko ya shamba la jirani. Mama Wanja alikubali kuchimbia samadi yake mtaro na kuifunika. Hoteli ilikubali kuchimba shimo la maji machafu na kupanda migomba pembeni. Wanaume walikubali kusuuza pampu ndani ya shamba na kunyunyizia masuuzo yale kwenye mimea ile ile, mbali na maji na mbali na nyumba. Hayo yote yangekuwa bure kama Baba Njagi angekataa. Shamba lake ndilo lililokuwa na mteremko mkali, na upande wake ndio maji mengi yalipoingilia. Tulihitaji matuta ya kukata mteremko, na tulihitaji aache ukanda mzima ukingoni usilimwe, uwe wa nyasi na matete.

Baba Njagi akakataa. "Baba yangu alilima hadi kwenye maji," alisema. "Mistari hii aliinyoosha kwa kamba yake mwenyewe, ninayo mpaka leo. Mimi nalima mahindi. Silimi vyura." Mwalimu alimsihi, mzee wa kanisa alimsihi. Alisikiliza kwa heshima zote, akakataa kwa heshima zote. Na ardhi ni ardhi. Huku kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimpiga lakini si ukisogeza mpaka.

Kilichofuata hakikupangwa na yeyote, ingawa baadaye tulisikia kikisifiwa kama mpango. Asubuhi moja Cucu aliamka akitamani chai. Akachukua kikombe chake cha bati, akafunga kilemba, akapanda polepole hadi kwa Baba Njagi, aliyekuwa na nyumba ya mabati na tangi la maji ya mvua.

"Karibu, Cucu. Kuna shida?"

"Hakuna shida, mwanangu. Nimekuja kunywa chai. Kwangu maji yananuka."

Sasa, mgeni akikuambia amekuja kunywa chai, utamwambia nini? Kwetu, katikati ya majani chai, hakuna mtu aliyezaliwa ambaye angeweza kumwambia aondoke. Akanywa. Akasifu, akasali, akaenda. Siku ya pili alikuja na Mama Wanja. Siku ya tatu nilikwenda nao, maana ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Kufikia wiki iliyofuata akina mama wote wa mteremko walikuwa wamekaa uwanjani kwa Baba Njagi kila siku, kila mmoja na kikombe chake, na hakuna hata mmoja aliyetaja ziwa. Tuliongea habari za harusi, za bei ya viazi, za mchungaji mpya. Tulisali kabla ya chai na baada ya chai. Na mwenye nyumba hawezi kuwaacha wageni wake akaenda shambani, kwa hiyo alikaa nasi, akikunja na kukunjua kofia. Siku moja alijificha kwenye stoo ya mahindi. Tukaimba wimbo wenye beti nyingi, polepole, mpaka akatoka na ndevu za mahindi kichwani. Nami nilipoingia jikoni kusaidia, nilimkuta Mama Njagi, mkewe, akimimina majani kwenye sufuria kwa mkono mkunjufu. Akaninong'oneza bila kugeuka, "Waambie wasichoke. Mimi pia nachota Karia tangi likikauka."

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Sukari iliisha kwanza. Kisha maziwa yakaisha, na ng'ombe wake walikuwa wakitutazama kwa chuki kabisa. Ilifika siku mwenye ng'ombe wengi kuliko wote mlimani alikaa mbele yetu akinywa chai kavu, nyeusi, isiyo na sukari, na uso kama mtu anayemeza kwinini. Akaweka kikombe chini.

"Mnataka nini?"

"Chai," Cucu akajibu.

"Cucu!"

"Chai tu, mwanangu. Lakini ya kwangu. Iliyopikwa kwangu, mgeni akainywa akaimaliza." Sauti yake ya filimbi ilikatika hapo. Akatazama kikombe chake cha bati kama kuna kitu ndani.

Kuku walipita katikati yetu. Baba Njagi alivaa kofia, akaivua, akatazama chini kule ambako ukijani wa Karia ulionekana kati ya migomba.

"Huo ukanda," akasema mwisho. "Upana gani?"

Aliupima mwenyewe. Alileta kamba ya baba yake, ile iliyonyoosha mistari kushuka mlima, akaivuta kukata mteremko, kutoka mpaka hadi mpaka. Mwezi wa saba, kwenye ule ukungu wa baridi unaoingia hadi kwenye mifupa ya mbuzi, tukaita ngwatio nyingine. Tulichimba matuta ya fanya juu, ambapo unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na mwili mzima unakuuliza kwa nini udongo usiende chini kama alivyoumba Mungu. Mgongo wangu ulivunjika mara nne. Tulipanda nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, juu ya matuta. Njia ya wachuma chai tukaipinda ikawa ya kona kona. Na matete? Yetu tulikuwa tumeyachoma, kwa hiyo tulishuka hadi kinamasi cha bondeni kuomba mbegu, na wenyewe wakatuuliza, "Si nyinyi ndio mliopiga picha na mifagio?" Tuliwaacha wacheke mpaka wakashiba, tukabeba mizizi yao kichwani, matope yakitudondokea hadi kwenye kope.

Mvua za Oktoba zilipoanguka kwa mara ya kwanza, hakuna aliyelala vizuri. Kulipopambazuka tulikutana sote shambani kwa Baba Njagi bila kuambizana. Alikuwa ameshafika, amevaa gambuti, amechuchumaa. Nyuma ya kila tuta maji yalikuwa yamesimama kimya kama ng'ombe kwenye foleni, yakinywewa na udongo taratibu, na yale yaliyovuka hadi kwenye ukanda yalipotelea ndani ya nyasi. Punje za mbolea zilikuwa zimelala palepale alipoziweka. Aliokota moja akaitia kwenye mfuko wa shati, sijui kwa nini.

Singependa kuwadanganya kwamba Karia ilitakata siku hiyo. Yaani ningependa, lakini hapa sitadanganya. Ilichukua wiki nyingi. Utando ulikonda, ukarudi, ukakonda tena. Matete yakatoa vichwa. Kisha vyura wakarudi, na siku moja kupitia dirisha langu la Biblia nikaona ndege weusi wenye paji jekundu wakiogelea, na nikamwita Cucu kwa ukelele uliowaangusha mbuzi.

Baraza la Desemba lilifanyika ukingoni. Naibu wa chifu alikuja na fimbo yake. Cucu alikuwa ameamka mapema, akachota mwenyewe, akachemsha, na alipotoa sinia nikaona ameviinua vile vikombe vya maua, kwa mara ya kwanza tangu siku ya jumuiya. Akamimina kimoja, akampelekea kwa mikono miwili. Naibu akakitazama. Akanusa. Macho yote ya mteremko yalikuwa kwenye mdomo wa yule bwana, nami nilikuwa nimemshika Mama Wanja mkono mpaka alama zikabaki. Akanywa. Koo lake likapanda likashuka. Kisha akamwelekezea Cucu kikombe.

"Kuna nyingine?"

Pumzi iliyotoka vifuani mwetu ingeweza kuezua paa la kanisa. Cucu alikaa chini kwenye nyasi pale pale, birika mapajani, akacheka na kulia kwa pamoja, na aliyemmiminia naibu kikombe cha pili ni Baba Njagi. Wiki hiyo hiyo nilipata habari kwamba nimefaulu mtihani wa ngumbaru, na nilisahau kumwambia mtu hadi kesho yake.

Cucu amelala kanisani miaka mingi sasa, na maji ya kuchanganyia saruji ya kaburi lake yalichotwa Karia. Nilikuwa nikimfikiria boda boda iliponishusha Jumamosi ile kwa Baba Njagi. Wenzangu walikuwa wameshafika, Mwalimu Ireri amenenepa hadi nikamsamehe ule wembamba wa chaki, Mama Wanja hana meno ya mbele na bado ana maneno yote. Mzee alikuwa amekaa kwenye jua na koti zito, amekonda, lakini birika alilishika yeye. Alikataa kumpa mtu mwingine. Niliketi upande ambao nisingeweza kuona ziwa, kwa makusudi, kama mtu anayeogopa kufungua bahasha.

"Mbona hutazami kule?" akaniuliza.

"Nitatazama."

"Unaogopa nimemgawia kijana shamba. Nimemgawia."

Hapo ndipo Njagi mwenyewe alipotokea kutoka upande wa maji, mwanamume mkubwa sasa, gambuti zimejaa tope, mzigo wa nepia mgongoni na kamba ya zamani, nyeusi kwa uzee, imezungushwa begani. Nikageuka. Matete yalikuwa marefu kuliko nyumba, na nyuma yake maji yaling'aa.

"Nimemwambia," Baba Njagi akasema, akikohoa kile kikohozi chake cha trekta, "siku atakayoulima ule ukanda, mtakuja kwake kunywa chai."

Njagi alituhesabu kwa macho, mmoja mmoja, wazee wote na vikombe vyetu. "Hawa?" akasema. "Baba, mimi sina hiyo sukari."

Tukacheka mpaka mzee akashika ubavu alikopasuliwa. Mwalimu alianza kusema ni wakati wa kuondoka, mvua inakuja. Baba Njagi akainua birika. "Mnaenda wapi? Bado haijaisha."

Nikanyoosha kikombe.